Kitoweo kilichoachwa Pemba

Ukiaga Dar es Salaam kwamba unakwenda Pemba, hakuna anayekuuliza unakwenda kuona nini. Utaulizwa unapanda boti au ndege, na utarudi na nini. Huyu ataagiza karafuu, yule halua ya Wete, na jirani asiye na haya ataagiza duriani, kana kwamba abiria wenzako hawana pua. Kwa wengi wetu Pemba ni tumbo tu. Nami sijitoi. Nimekula huko pweza wa nazi, nimekula shelisheli lililopikwa kwa tui zito hadi likawa halihitaji kutafunwa. Lakini kitoweo kilichonikaa akilini ni kile ambacho Wapemba wameacha kukila.

Ni popo. Msifikirie hivi vipopo vya darini. Popo wa Pemba akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha hukaribia mita moja na nusu, na hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humo. Katika kijiji cha Kidike, ukiacha barabara ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete, wananing'inia mitini mchana kutwa, manyoya rangi ya kutu, wakigombania matawi kwa kelele za sokoni. Jua likizidi, hujipepea kwa bawa moja, polepole, kama bibi harusi aliyechoshwa na joto la ukumbi.

Mzee aliyenitembeza hakunificha kitu. "Baba yangu akimpenda popo kuliko kuku," alisema. Nikamuuliza kama yeye naye anaikumbuka ladha yake. "Naikumbuka, mwanangu. Ndiyo maana ikawa kazi kuacha."

Kazi kweli. Popo hawakumalizwa na chungu peke yake. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikazidi kuwa shamba kuu la zao hilo. Msitu ulikuwa unafyekwa kupisha mikarafuu, na sasa pori kubwa lililobaki ni Ngezi, kule kaskazini magharibi. Harufu ile tunayoisifu kila tukishuka Mkoani ina historia ya shoka ndani yake. Popo walibakiwa na vichaka vya miti, vingine vikiwa vimesalimika kwa sababu ya makaburi yaliyomo, na bunduki na nyavu zikawafuata humo humo. Kufikia 1989 watafiti walihangaika kuwaona hata wachache.

Miaka ya 1990 vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, kwa msaada wa shirika la Fauna & Flora International. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, kwa hiyo hapakuwa na matunda ya haraka. Hata hivyo, hesabu ya miaka ya 2000 ilivuka 20,000.

Huku bara tumezoea uhifadhi wa askari, mpaka na faini. Mtu hakatazwi kula tembo na dhamiri yake, anakatazwa na bunduki ya mwenzake. Popo huwezi kumzungushia uzio. Giza likiingia anaruka hadi shamba alitakalo, anaingia kwenye maembe na mashelisheli ya mtu yule yule aliyekubali kutomla, anakamua maji ya tunda na kutema makapi chini. Mwenye shamba amepoteza mara mbili: kitoweo, halafu matunda. Ni kweli popo husambaza mbegu na kuchavusha miti, lakini mti utakaoota leo ataukalia kivuli mjukuu, na kiingilio cha wageni wanaokuja kuwatazama popo hakimshibishi mtu. Ndiyo maana huwa nachoka na mahubiri ya mazingira yanayotolewa na watu ambao hawajawahi kuacha kitu chochote kitamu. Mie mwenyewe chai ya sukari imenishinda.

Kumbe kisiwa hiki kina mazoea ya kujinyima. Kisiwa Panza, kusini, wanakijiji wamekuwa wakikubaliana kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, huku wenyewe wakiyatazama maji yao bila kuyagusa. Wanaokwenda kutafuta pweza kwa miguu maji yakitoka, wengi wao wanawake, ndio wanaoumia kwanza. Siku ya kufungua, mwamba unajaa watu.

Mama aliyenipikia Chake Chake nilimuuliza pweza wake katoka wapi. "Panza wamefungua juzi," akasema, akiniongezea mchuzi bila kuniuliza. "Ungekuja mwezi uliopita ningekupa dagaa, na ungemaliza sahani."