Chanzo Kilicho Kimya

Juma lililopita ofisini kwetu tulikaribia kugombana. Tulikuwa tunapunguza milisho ya habari tunayofuata, na mwenzetu mmoja, kijana hodari wa kazi, akafuta chanzo kinachoandika kuhusu volkano za Kivu. Sababu yake ni kwamba miezi imepita bila kuleta kitu. Nilipopinga alinijibu, “Kaka, habari ya maana itakufikia yenyewe.”

Thamani ya chanzo cha habari ni nini? Tuichukue kwa maana ya kawaida: kile kinachomsaidia mtu kujua au kuamua. Na wanaosema kwamba siku ni fupi na orodha ndefu haisomwi, wana haki.

Lakini hii ya “itakufikia yenyewe” siwezi kuiacha ipite. Habari inayokujia bila kutafutwa imeletwa na mtu mwenye haja yake: anauza, anataka kura, ana hasira. Facebook ilianzisha mlisho wake mwaka 2006, na leo mitambo yake hupanga kipi ukione kwanza kwa kukisia kipi kitakushika. Anayengoja kufikiwa amemwachia mwingine kazi ya kumchagulia. Tena hoja yenyewe haiwezi kushindwa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Habari ambayo haikukufikia huijui, kwa hiyo huwezi kuihesabu kuwa hasara. Kila siku utajiona umeambiwa yote.

Nenda ukaiseme hoja hiyo Goma, mji wa Kivu. Usiku wa Mei 22, 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na wakazi wengi walijua walipoona anga limekuwa jekundu. Kabla ya hapo, kituo cha kuangalia volkano kilikuwa kimepungukiwa fedha, hata malipo ya intaneti yakakwama. Mlima huo ulikuwa umetoa lava iliyoingia mjini humo Januari 2002. Katika miaka yote ya katikati, mlinzi wa mlima angekuwa na neno moja tu la kusema mara nyingi: bado. Neno hilo ni habari kamili kwa anayelala chini ya mlima. Kulipima kwa wingi wa machapisho ni kumdhulumu anayelinda.

Hapa hunijia Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, ambalo napenda kulizungumzia hata nisipoulizwa. Lilitoka mara moja kwa mwezi. Ndani yake kulikuwa na habari, mafunzo na mashairi ya wasomaji, Shaaban Robert akiwa miongoni mwa walioandika humo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, nalo lilikuwa na makusudi yake, hilo silifichi. Ila msomaji wake hakuhesabu wiki za katikati kuwa kasoro. Alisoma, akajibu kwa beti, akangoja kujibiwa na mtu wa Tanga au Tabora.

Lipo swali ambalo kijana yule hakuuliza, nalo ndilo gumu. Nitatofautishaje ukimya wa mlinzi aliye macho na ukimya wa mlinzi aliyeondoka? Kwenye skrini hali zote mbili ni tupu. Kumwandikia mwenye chanzo husaidia, lakini nani atawaandikia wote? Sijapata kipimo kinachoniridhisha.

Chanzo cha Kivu nimekirudisha kwenye orodha. Nawe unayepunguza yako, kabla ya kumfuta aliye kimya, uliza kwanza analinda nini.