Sheila Sim na Mombasa ya 1954

Asubuhi hii namfikiria Sheila Sim, mwigizaji Mwingereza aliyezaliwa Liverpool mwaka 1922. Mnamo 1954 alionekana katika West of Zanzibar, filamu ya Harry Watt iliyopigwa huku kwetu Afrika Mashariki. Kisa chake ni cha watu wa bara wanaohamia kando ya Mombasa baada ya ardhi yao kuchakaa, kisha wakanaswa na magendo ya pembe za ndovu zinazosafirishwa kwa majahazi.

Katika filamu hiyo Sheila aliigiza mke wa askari wa wanyamapori, basi. Wahusika wakuu wa Kiafrika katika kisa waliigizwa na Orlando Martins wa Nigeria na Edric Connor wa Trinidad. Hilo linaniuma. Pwani iliyojaa watambaji na waimbaji, ikafanywa mandhari tu!

Lakini Sheila simlaumu. Baada ya filamu nyingine moja aliacha uigizaji, akalea watoto na kuwahudumia waigizaji wazee wasiojiweza. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ya Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, ilimchukulia binti na mjukuu huko Thailand. Alifariki mwaka 2016.

Mama yangu, baba yangu, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kusimama mbele ya kamera miaka ile, muulizeni leo, mumrekodi.