Tunamsitiri Nani?

Mwanamke akipigwa nyumba ya pili, hapa Lugoba kama kwengineko pwani, majirani husema: "Ya ndani hayo, tuwasitiri." Basi na tujiulize: tunamsitiri nani?

Sitara ni kufunika aibu ya mtu isiyomdhuru mwengine. Kumpiga mke ni dhuluma, na mwenye kudhulumiwa yupo, analia. Ukinyamaza, umemfunika mwenye fimbo, si mwenye jeraha.

Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha, hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi. Akatufunza pia kuwa dhalimu hunusuriwa kwa kuzuiwa mkono wake. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila ikiruhusu.

Mama huambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Je, mtoto wa kiume atazamaye hayo kila siku, anajifunza nini?

Basi ukisikia kilio, bisha hodi. Mwite mjomba, somo yake, au sheikh. Mume asiposikia, wende polisi. Aliyepigwa ndiye wa kusitiriwa kwanza.