Mvua ya Mawe na Ushahidi Wetu

 

Enyi ndugu zetu, nchi yetu hii ya chai, tangu Kericho mpaka Bomet, iko karibu na ikweta. Na juu ya hayo wataalamu huitaja miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa mno na mvua ya mawe. Wako watu wasafirio mpaka ncha za dunia kwenda kuichunguza barafu. Sisi barafu hutujia alasiri juu ya mabati. Saa nane mkulima huyaona majani yake yamesitawi. Saa kumi hana cha kupeleka kituoni, na machipukizi huchukua wiki kadhaa kurudi. Karo ya mtoto na deni la dukani vyote vilitegemea majani yale.

Aliyefikwa na msiba huo hutafuta sababu, na kutafuta sababu si dhambi. Dhambi ni kuishuhudia sababu usiyoijua.

Wasomi wa hali ya hewa wametueleza kwamba hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko yetu mchana, ikajenga mawingu marefu. Tone la maji ndani ya wingu haligandi mara tu lifikapo digrii sifuri. Laweza kubaki maji hata chini ya hapo, mpaka lipate chembe ya kugandia. Nasi tukikaa kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, mawe yaangukayo hayana njia ndefu ya kuyeyuka. Watafiti wawili, Schnell na Tan-Schnell, walilipima vumbi la majani makavu ya chai ya Kenya, na mwaka 1982 wakachapisha kwamba limo na chembe za namna hiyo. Wakatoa rai kuwa nyayo za wachumaji huenda zikalirusha vumbi hilo hewani, likafika mawinguni. Litazameni neno hilo “huenda”. Kuwamo kwa chembe katika vumbi ni jambo lililopimwa. Safari ya vumbi mpaka wingu la mawe ni rai. Mwenye ilimu hayachanganyi mawili haya.

Wako wasemao kwamba kuyachunguza mawingu ni kuingilia kazi ya Mungu. Hatukubaliani nao. Kurani imetuamrisha mara nyingi tuvitazame viumbe, na Suratun-Nur imeitaja mvua hii ya mawe yenyewe, na kwamba kupiga kwake na kuepuka kwake vimo katika amri ya Mola. Vumbi, upepo na baridi ni watumwa wake. Kumjua mtumwa hakumwondolei Bwana ufalme wake.

Wako na wengine wanaonunua hirizi za kufukia pembeni mwa shamba. Mvua ya mawe haipigi nchi nzima. Hupita kama ukanda, ikavunja shamba hili ikaliacha la jirani. Basi muuza hirizi huwahesabu waliosalimika, na waliopigwa huwaambia kuwa wamekosa sharti. Hiyo ni biashara isiyopata hasara abadani, na juu yake kuna shirki.

Lakini uadilifu wataka mizani iwe moja. Katika miaka ya 1960 maroketi ya baruti yalirushwa mawinguni katika nchi ya chai ya Kericho, kisha zikatumwa ndege kumwaga moshi wa iodidi ya fedha. Waliofanya kazi hiyo walisema kuwa hasara ilipungua. Lakini mawingu ya kutiliwa dawa na ya kuachwa hayakuchaguliwa kwa kura; ikawa vigumu kuhukumu ikiwa ndege ndiyo iliyopunguza, au mvua zenyewe zilibadilika. Swali tunalomwuliza mwenye hirizi, na mwenye ndege naye aulizwe.

Mfano wetu katika hili ni Mtume (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahimu jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Lau angalinyamaza, wajinga wangalizidi kumtukuza. Hakunyamaza. Akiwa katika huzuni ya mzazi aliikanusha sababu ile ya uongo, ijapokuwa ilimpa heshima, akawaelekeza watu kwenye sala na dua. Ikiwa yeye hakuukubali uongo uliomsifu, sisi tutaukubalije uongo unaotufilisi?

Basi twaziomba madrasa zetu, ijapokuwa sisi ni wachache katika nchi hii, kila moja iweke daftari. Vijana waandike siku, saa, shamba lililopigwa na shamba lililosalimika. Mwenye kuandika siku za mawe tu, akaziacha siku zilizopita salama, ameficha nusu ya ushahidi. Daftari hilo wampe bwana shamba na watafiti wa chai walioko Kericho. Na wenye akili ya hesabu wasomeshwe mpaka wawe wao watafiti. Na wingu likitanda tumwombe Mwenye wingu, bila ya kumlipa mtu wa kati.