Jiwe la Jua na Amana ya Wakati

Jua, ewe ndugu, ya kuwa wakati ni sharti ya sala, na sharti haitimii kwa bahati. Wamesema wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i: mwenye kusali pasi na kuujua wakati wala kujitahidi kuutafuta, sala yake haisihi, ijapokuwa imeangukia ndani ya wakati. Basi yapasa kuulizwa: mwenye kusali kwa kutazama saa ya jua, aliyoichora jiweni mtu aliyekwisha kufa, je, amejua au amebahatisha?

Mawe hayo yalikuwa mengi katika miji ya Kiislamu, na kila nchi na namna yake. La Tunis, alilolichora Abu'l-Qasim ibn Hasan al-Shaddad mwaka 746 wa Hijra (1345), lina mistari ya nyakati za ibada, kama dhuha, adhuhuri na alasiri. Lililo mashuhuri zaidi ni la Dimishki: ubao wa marumaru wa kadiri ya mita 2 kwa 1, alioutengeneza Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya, mwaka 773 (1371), ukawekwa mnarani. Kijiti chake kimeinamishwa sambamba na mhimili wa dunia, hata saa zake zikawa sawasawa wakati wa baridi na wakati wa joto. Ubao ule ulivunjika, na mwaka 1876 al-Tantawi akachora nakili yake.

Wako wanaoona kwamba kulipamba jiwe kwa nakshi ni israfu. Si neno, hatari ya pambo ni nyingine, nayo ni kuwa jicho huliamini lililo zuri. Yamesalia mawe kadhaa ya Andalusi, na moja lina jina la Ibn al-Saffar, bingwa wa falaki wa Qurtuba. Waliopima mawe hayo wakakuta mistari iliyokosewa. Huenda hesabu ilikuwa ya bwana na patasi ya mtu mwingine. Lakini anayesali hasali kwa jina la bwana.

Hata lisilo na kosa lina mji wake. Jiwe la Dimishki, iliyo zaidi ya digrii 33 kaskazini, likiletwa Mombasa, iliyo digrii 4 kusini, litasema uwongo kwa mistari mingi. Kwani Mombasa kivuli cha adhuhuri mara huelekea kusini, mara kaskazini, na mara mbili kwa mwaka hakipo kabisa.

Kwa hiyo wanavyuoni hukubali chombo kilichojaribiwa, na kujaribu si kazi ngumu: fimbo iliyosimamishwa wima yatosha. Kivuli kikilingana na urefu wake, kuongeza kivuli cha adhuhuri kilichokuwapo, alasiri imeingia. Mwadhini aliyeona kosa la jiwe akanyamaza, amekhini amana. Ama waliomfuata hali hawajui, hawana dhambi. Lakini wakiyakinisha baadaye kwamba walisali kabla ya wakati, itawapasa kuzilipa sala zile.