Uchafu ni wa Nani? Sitiari na Haki katika Wema Hawajazaliwa

Riwaya ya Ayi Kwei Armah iliyotoka mwaka 1968, ambayo Abdilatif Abdalla aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Wema Hawajazaliwa, imesheheni mahali pachafu pa umma: pipa la taka lililofurika, mbao ya kushikia ngazini katika ofisi ya reli iliyogandamana uchafu wa mikono, na vyoo vinavyonuka. Chinua Achebe aliikosoa vikali, akiona kwamba Ghana iliyochorwa humo si Ghana yenyewe. Swali linalozuka ni la kimaadili kabla ya kuwa la kimtindo: mwandishi ana haki gani ya kuufanya uvundo wa mahali pa watu wote kuwa sitiari?

Jawabu hutegemea jinsi sitiari inavyoeleweka. Sitiari ina pande mbili: kinachosemwa, na kinachotumiwa kukisemea. Msomaji akikwama katika upande wa pili, atahitimisha kwamba wakazi wa mji ule ni wachafu, na dharau yake itawaangukia wasio na choo kingine cha kwenda. Atakuwa ameisoma riwaya kama taarifa ya afisa wa afya. Pipa la Armah liliwekwa kwa kampeni ya usafi iliyotangazwa kwa kishindo, kisha likaachwa bila kuzolewa ipasavyo. Uchafu ule, basi, ni wa ahadi iliyovunjwa wala si wa mtupaji taka.

Yamkini mtu atauliza: je, Kiswahili hakina adabu yake? Lugha isemayo "msalani" na "maliwato" imefunza kusitiri. Hoja hii ina uzito, ila yafaa kuuliza tafsida humsitiri nani. Mbele ya mgeni humsitiri msemaji. Mbele ya mla mali ya umma humsitiri mwizi. Ndiyo maana, serikali ya Nkrumah ilipopinduliwa mwaka 1966, Koomson wa riwayani, aliyekuwa mkubwa, anatoroka kwa kupenya tundu la choo.

Hata hivyo, mhusika mkuu asiye na jina, ambaye hakula rushwa, naye hupita katika tundu lilo hilo. Armah hamsafishi mwadilifu kwa kumtenga. Anakiri kwamba naye huvuta hewa ile ile. Mhakiki, kwa hivyo, hana budi kutofautisha aliyechafua na aliyechafuliwa, kwani pua haiwezi kumfanyia kazi hiyo.