Baba na Aseme

Katika Injili Mtakatifu Yosefu hatamki hata neno moja. Baba wengi wa Ujiji na Kibirizi humfuata katika kimya hicho. Katika kazi yake, si wote.

Twawasihi vijana wanaonasa kwa simu masimulizi mafupi ya akina baba: nendeni majumbani wakati wa mwezi mpevu, taa za wavuvi zisipovuta dagaa vema. Ulizeni, “Mwanao aliugua usiku gani nawe u ziwani?” (Sisi mapadre twaitwa baba, wala homa ya mtoto haijatuamsha.) Anyamazaye msimharakishe, kimya chake nacho kinaswe. Naye aliyemwacha mwanawe ng’ambo, huko Kalemie, asiogope kumtaja kwa jina.